Mama Mito na Sahani Yake

Fundi makochi na mkewe walikuwa na karakana ndogo nyuma ya nyumba. Mume alipiga misumari na kuvuta mikanda. Mke alishona mito, na majirani wakamwita Mama Mito.

Siku ya harusi waliahidiana kugawana kila kitu sawa kwa sawa. Basi mume alipopika chakula cha mchana, alipakua sahani mbili, milima miwili.

"Kula, mke wangu. Watu wasije wakasema nakupunja."

Mama Mito alimaliza yote ili asimvunje moyo. Kisha aliinama kwenye cherehani, na tumbo likabana. Alipiga mbweu. Akasikia kichefuchefu. Wakati huo mumewe alikuwa ameshaanza kuchungulia sufuria tena.

Kazi ikaanza kulala. Alasiri moja Mama Mito aliweka mkasi chini.

"Tafuta mshonaji mwingine, mume wangu. Tumbo langu bovu. Siiwezi tena kazi hii."

Karakana ile waliijenga pamoja.

Jirani yao, muuguzi, alikuwa amefuata kiti chake kilichokuwa kikitengenezwa. Aliwasikia.

"Unatapika, dada? Umekonda? Umeona choo cheusi au damu? Maumivu makali?"

"Hapana. Nashiba tu, shibe haiishi."

"Ungekuwa na hata dalili moja kati ya hizo, tungekwenda hospitali sasa hivi. Na hii isipopungua, uje upimwe."

Muuguzi alichukua foronya, akatia vipande vya sponji, akaiminya mpaka vikaanza kutoka mdomoni mwa foronya.

"Tumbo ni mfuko wenye kuta za misuli. Misuli hiyo haingoji amri yako. Inajikaza na kulegea yenyewe, inasaga chakula na kukisukuma kwenye utumbo. Watafiti wameona kwamba, kwa kawaida, tumbo la mwanamke hukisukuma polepole kuliko la mwanamume. Homoni huenda zinachangia. Lakini si wote, watu hutofautiana."

"Kumbe lake zembe," fundi alisema.

"Lina mwendo wake, shemeji. Lako ndilo lenye papara."

Mama Mito alicheka mpaka akashika meza.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza.

"Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Punguza mafuta. Tafuna bila haraka. Ukimaliza, tembea kidogo kabla ya kuinama."

Fundi alijikuna kichwa. "Na ahadi yetu ya sawa kwa sawa?"

"Mgawane kazi na raha. Tumbo kila mtu ana lake."

Kesho yake fundi alipakua mlima mmoja na kichuguu kimoja. Mama Mito alikula, akazunguka uani, akaketi kushona. Haikuwa nafuu ya siku moja. Lakini wiki zilivyopita, mbweu zilipungua, na mito ikaanza kurundikana mpaka dirishani.

Alasiri moja cherehani ilinyamaza. Fundi aligeuka kwa wasiwasi.

"Tumbo tena?"

"Nina njaa," mkewe alisema.

"Hebu rudia."

"Nina njaa, baba. Au chakula kimekwisha?"

Fundi aliacha nyundo, akaenda jikoni akipiga mluzi. Alirudi na sahani ndogo, akasimama kumtazama akila.

"Na yule mshonaji uliyesema nimtafute?"

Mama Mito alivuta kitambaa kingine, akakiweka chini ya sindano.

"Mwambie hapa pana mwenyewe."