Nilitengeneza Pikipiki ya Safari Yetu, Akapanda Mwingine

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, sijaolewa, na ninaishi peke yangu mtaani Mountain View, Nairobi. Msinionee huruma bado, wasomaji wenzangu... ngojeni kwanza nimalize.

Nilikuwa karani katika ofisi moja katikati ya jiji. Mutuku nilimpata kanisani, katika kikundi cha maombi. Alikuwa mcheshi, na alipenda pikipiki kuliko chakula. Ndoto yake ilikuwa kutoka Nairobi hadi Cape Town kwa pikipiki mbili, yake na yangu. Alisema tukifika huko atanivisha pete, tukirudi tufunge harusi. Mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kuendesha hata baiskeli! Lakini mwanamke wa umri wangu akiahidiwa pete, mnadhani huuliza maswali mangapi?

Nikanunua pikipiki kwa akiba yangu yote. Mutuku akasema tuiandikishe kwa jina lake, eti karatasi zikiwa za mtu mmoja hatutasumbuliwa mipakani. Nikakubali... Jameni, nilikubali!

Kila Jumapili baada ya ibada tulienda Loresho, ambako barabara ni tulivu, akanifundisha. Nilianguka mpaka walinzi wa mageti wakanizoea. Mmoja alikuwa akinitania, "Pole madam, leo umeanguka vizuri!" Goti lilivimba, viganja vikachubuka. Kuendesha kulikuwa kunanitoa jasho, ila ufundi niliushika upesi. Nilijua kuziba pancha, kukaza mnyororo na kubadilisha oili. Mifuko ya mizigo niliishona mwenyewe kwa turubai, nikaipima ili isivute upande mmoja. Nati zote za pikipiki ile zilipita mikononi mwangu.

Marafiki niliwaacha mmoja mmoja. Chama chetu cha akiba nilijitoa, simu zao sikupokea, maana nilikuwa na haraka ya kuiva katika kuendesha. Mama yangu kule Mwingi alinuna, akasema hakuzaa dereva wa bodaboda. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kazi nayo nikaacha.

Pikipiki zote mbili zililala kwa Mutuku, kwa sababu plotini kwetu hakukuwa na mahali salama. Siku ya kuondoka alipaswa kuzileta kwangu asubuhi, tuombewe. Mama alikuwa amelegeza moyo, akaja. Mchungaji alikuja na chupa ya mafuta ya kuziombea pikipiki. Kikundi kizima kikasimama getini kikiimba. Nami katikati yao, na buti zangu, koti zito, helmeti mkononi...

Tukaimba. Tukarudia. Jua likachoma. Simu ya Mutuku ilikuwa imezimwa! Mchungaji akaanza kutazama saa, na wenzangu wakaniaga kwa sauti za chini, kama watu wanaotoka matangani. Mama akaniuliza kwa upole, "Mwende, huyu mtu ako wapi?"

Jioni ujumbe ukaja kutoka Arusha. Aliandika kwamba bado sijaiva, kwamba ningemchelewesha, na kwamba ameandamana na mwanamke wa mtaa wa Lavington aliyezoea pikipiki kubwa. Huyo mwanamke alikuwa amepanda pikipiki yangu! Nilikimbia kituo cha polisi. Afisa akatazama nakala ya karatasi niliyobaki nayo, akatikisa kichwa. "Madam, hii inasema ni ya Mutuku. Sasa tumshike kwa kuiba kitu yake?"

Mama alinisihi turudi wote Mwingi. Aibu ilinizuia, nikamwacha aende peke yake.

Ndipo nikajua upweke. Nilijifungia ndani. Majirani wakicheka, nilidhani wananicheka mimi. Simu haikulia, na nani angepiga? Wote nilikuwa nimewafukuza kwa mikono yangu. Nilifikia kuongea na sufuria, wallahi, nikiiambia ugali uko tayari.

Siku moja simu ikalia. Mutuku! Walikuwa wamekwama kusini mwa Tanzania, mvua inanyesha. Hali yangu hakuiuliza. "Mwende, hii pikipiki yako nikitia gia inazima tu. Tumejaribu kila kitu. Unajua ni nini?"

Nilijua. Swichi ya stendi ya pembeni ikijaa tope, injini huzima ukitia gia, kana kwamba stendi haijakunjwa. Nyinyi mngekata simu, sivyo? Mngemwambia aisukume hadi Cape Town! Mimi nilimweleza pale ilipo, aisafishe kwa mswaki, aipangushe, ajaribu tena. Nilirefusha maelezo makusudi ili asiondoke kwenye simu. Mara nikasikia injini ikinguruma, na yule mwanamke akipiga vigelegele. Mutuku akasema asante, akakata.

Dada zangu, kaka zangu, mali yenu iandikisheni kwa majina yenu. Lakini hilo ni dogo. Mtu akikupenda, atakubali uwe na mama, uwe na marafiki, uwe na watu wa kukuuliza umelalaje. Ukiona unawaacha wote kwa ajili yake, simama hapo hapo, uwapigie simu leo, uombe msamaha kabla hawajazoea kukukosa. Nimempigia mama juzi. Alilia, nikalia.

Na niwaambie jambo ambalo hata mama sijamwambia. Simu ile ilipokatika nilipiga magoti sakafuni, nikaomba. Sikuomba Mutuku aadhibiwe, wala sikuomba anirudie. Niliomba pikipiki iharibike tena, ili anipigie.

Nawasihi, msifike hapo.