Nzioka Alipotwanga Muthokoi

—Nipe huo mchi.

—Nzioka, niache. Leo sina nguvu ya mzaha.

—Si mzaha. Nipe.

Nikampa. Siku ile mtu angeniomba hata kichwa changu ningempa, akae nacho kidogo.

Ulikuwa mwaka wa 1984, mwaka wa njaa, hapa kwetu Kathonzweni. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu baba alete mke wa pili kutoka Makindu. Mama hakugomba. Alifunga nguo zake kwenye leso akarudi kwao Mbooni, milimani, na baba naye akarudi Makindu na bibi arusi wake. Nikabaki mimi Ndila pamoja na susu, mama yake baba, ambaye haoni, na hali kitu ila muthokoi, mahindi yaliyotwangwa mpaka maganda yatoke.

Nzioka tulianza naye darasa la kwanza. Kila alasiri alikuja kunichangamsha. Aliniigizia pasta anavyokohoa kabla ya sadaka, akaniimbia, akaanguka makusudi. Sikucheka hata mara moja. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa.

Sasa ameshika mchi! Kwetu mwanaume atachimba mtaro, atachoma makaa, lakini kinu ni cha mwanamke. Alitwanga kama anaua nyoka. Punje zikaruka huku na huku.

—Nzioka! Umenyunyiza maji?

—Maji ya nini?

—Ya mahindi! Ukitwanga kavu inapasuka. Angalia, hii sasa ni unga!

—Si tutapika uji?

Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Nikacheka. Nikacheka mpaka nikakaa chini, halafu nikajikuta nalia.

—Nani anacheka? susu akauliza kutoka ndani.

—Ni mimi, susu.

—Afadhali.

Nzioka akachuchumaa mbele yangu.

—Ndila, nataka kukuoa.

—Usiniambie hayo. Baba alimpenda mama miaka ishirini na tano. Umeona mwisho wake.

—Mimi si baba yako.

—Wote mnasema hivyo. Unatwanga kwa sababu hakuna mtu anaona. Mzee wako akitokea, utaruka ua.

Kumbe jirani yetu Mama Kavata alikuwa ameona kila kitu, na mdomo wake hauna mlango. Nzioka alikuwa ndio anaweka mahindi mapya kwenye kinu wakati baba yake, Mzee Mbuvi, mzee wa kanisa, alipoingia bomani na jembe begani.

—Nzioka. Weka hiyo kitu chini.

Nzioka akautazama ua. Nikajisemea, haya, mapenzi yameisha.

—Ndila, akaniuliza, maji kiasi gani?

—Nimesema weka chini! Watu wanasema umelishwa dawa!

—Waseme, baba. Susu hajakula tangu jana. Nikimaliza nitaweka.

—Na huyu msichana ni nani wako?

—Nataka kumuoa. Amekataa.

—Amekukataa na bado unamtwangia?

—Ndiyo, baba.

Mzee Mbuvi akakaa juu ya jiwe. Akaweka jembe chini. Halafu akasema polepole:

—Kiganja kimoja tu cha maji. Uchanganye, ungoje kidogo, ndio utwange.

Tukamkodolea macho.

—Mama yako alipokuwa na mimba yako, alilala miezi minne. Unafikiri nani alikuwa anatwanga? Lakini mimi nilifunga mlango.

Hakuna aliyecheka. Nzioka akanyunyiza maji.

—Ndila, mzee akaniita. Mbona unakataa kijana yangu?

—Naogopa, mzee. Mama ameondoka hapa kama mgeni.

—Na sasa?

Nikamtazama Nzioka, jasho linamtoka, mlango wa boma uko wazi na Mama Kavata amesimama pale njiani, hata hajifichi.

—Sasa nimeona amekuogopa wewe, lakini hajaniacha. Nampenda, mzee. Nikatae kwa nini tena?

—Basi lazima nilete mbuzi za ntheo kwa wazazi wako. Bila hizo mbuzi hakuna ndoa, na mimi siwezi kuwa na kijana anatwanga kwa boma ya watu tu hivyo.

—Utampa nani, mzee? Hii nyumba haina mama.

Akasimama, akashika jembe lake.

—Kesho naenda Makindu kwa baba yako. Atapanda Mbooni na miguu yake mwenyewe, amwombe mama yako msamaha.

—Na mama akikataa kurudi?

Mzee akatazama upande wa Mbooni, akashusha pumzi kama mtu ambaye tayari magoti yanamuuma.

—Basi mbuzi zitapanda mlima, zimfuate huko.