Pumzi ya Kuazima

Aliyenisimulia haya ni jirani yangu, mlango wake na wangu inatazamana, na yalimpata mdogo wake wa tumbo moja. Mwenye kutaka kubisha akabishane naye, mimi nimechoka.

Mdogo mtu alikuwa fundi sauti. Wanamuziki walimpelekea nyimbo mbichi, akazisafisha na kuzipanga mpaka zikasikilizika. Mtaani walimwita Nyaya, maana chumba chake cha kazi kilikuwa na nyaya nyingi kuliko viti. Ukutani alikuwa na kabati la kutengenezea sauti: vipande vidogo vya mitambo, kila kimoja na kazi yake, ambavyo aliviunganisha leo hivi, kesho vile. Mkewe alilitania sana lile kabati. "Mke mwenzangu kaamkaje?" angeuliza akipita na ufagio, na Nyaya angecheka mpaka avue miwani.

Mke huyo akafariki. Alikuwa amekwenda kumjulia hali mgonjwa, akafika salama, akamtumia mumewe ujumbe wa sauti. "Mume wangu, nimefika. Usiniwekee chakula, nitachelewa. Ila nina neno, nikirudi nitakwambia." Kabla ya kulitaja hilo neno alicheka kidogo, kama mtu anayeficha zawadi mgongoni. Gari lililokuwa linamrudisha lilipinduka njiani.

Basi Nyaya akabaki na nyumba na ujumbe. Neno gani? Alijiuliza akipiga mswaki, alijiuliza akifunga viatu. Dada yake, yaani huyo jirani yangu, alianza kumpikia, na kila jioni alimwekea sahani mezani kwake ili apate sababu ya kutoka nje. Nyaya alikuja, akala nusu, akarudi kwenye nyaya zake.

Akaingiwa na wazo la vokoda. Nisikuchoshe: vokoda ni mtambo unaofanya kinanda kiseme kwa maneno ya mtu. Una midomo miwili. Mmoja unaingiza maneno, mwingine unaingiza sauti ya kuyabeba. Mmoja ukinyamaza, vokoda nzima inanyamaza. Hiyo ndiyo sheria yake. Nyaya alitaka kumwimbisha mkewe, angalau asikie kitu kipya kutoka kinywani mwake. Kichaa cha upweke hicho, wala usimcheke.

Kwanza alijaribu vokoda za kwenye kompyuta. Ya kwanza ilimfanya marehemu asikike kama bati. Ya pili ilimfanya umati. Ya tatu, ile inayosifiwa na kila mtu, ilisafisha ule ujumbe mpaka kile kicheko kikapotea.

"Chukua hiyo hiyo ya tatu," rafiki yake mpiga kinanda alimwambia kwenye simu. "Unabofya mara moja, kazi imekwisha. Kujenga yako kwa nyaya ni kujitafutia maradhi."

"Inamfuta," Nyaya alijibu, akakata simu.

Akajenga yake kabatini. Aliigawa sauti ya mkewe vipande vipande, kuanzia mngurumo wa chini hadi mluzi wa juu, na kila kipande akakiwekea kitaa chake, kiwake sauti ikipita. Ikabaki sauti ya kubeba. Kinanda hakukitaka tena. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo fundi mwenye akili zake angelikwepa: kwenye mdomo wa pili aliweka maikrofoni, akaisogeza kinywani, akapumua. Mkewe aseme kwa pumzi yake yeye.

Dada yake aliingia akamkuta hivyo.

"Mdogo wangu," alimwambia kwa sauti ya chini, "marehemu huombewa. Hachokonolewi."

"Sisumbui mtu, dada. Ninapumua tu."

"Nakuwekea chakula. Usikose."

Usidhani ilikuwa usiku. Ilikuwa alasiri, watu wameanika nguo, jua linaingia dirishani. Nyaya akaiunganisha simu na kabati kwa waya, akafumba macho, akaucheza ujumbe, akapumua. Na mkewe akasema. Safari hii hapakuwa na bati wala umati, ilikuwa sauti ya mtu mwenye joto, pamoja na kicheko chake. Nyaya akalia. Akarudia. Akarudia tena, mpaka hesabu ikampotea.

"Mume wangu, nimefika."

Akafumbua macho. Simu ilikuwa imezima, chaji imekwisha. Akauchomoa waya wake kabatini, akaushika ncha mkononi. Akapumua, kwa sababu mtu hawezi kuacha kupumua.

Vitaa vikawaka.

"Mke mwenzangu kanipokea vizuri."

Maneno hayo hayakuwa kwenye ujumbe. Hayakurekodiwa popote. Akaikumbuka sheria, akabana pumzi.

Vitaa vikazimika. Kimya.

Angeweza kuchomoa umeme. Mlango ulikuwa nyuma yake, hatua chache tu. Lakini kimya kile alikijua. Alikuwa analala nacho na kuamka nacho tangu siku ya mazishi, na sasa alikiogopa kuliko sauti ile.

Akapumua.

"Lile neno," sauti ikasema.

"Niambie," akanong'ona.

"Sogea."

Akasogea. Akaegemeza midomo kwenye chuma cha maikrofoni.

"Pumua. Usiache."

Jikoni kwake, dada mtu alikuwa ameshika mwiko. Simu yake ikalia. Ujumbe wa sauti, namba ya mdogo wake. Aliusikiliza hapo hapo, mwiko ukamponyoka, akatoka bila viatu.

Alimkuta kitini, midomo bado kwenye maikrofoni, macho yamefumbwa, uso umetulia kama wa mtu aliyeambiwa jambo jema. Mwili wake ulikuwa wa baridi. Simu yake ilikuwa mapajani, imezima, na ilibidi waichaji kwanza ndipo ifunguke.

Juzi nilimwomba jirani anisikilizishe huo ujumbe. Tuliketi sebuleni kwake. Sauti ni ya mwanamke, ina kicheko kidogo ndani.

"Wifi, usimwekee chakula. Amefika."

Chini ya maneno hayo mwanamume anapumua, polepole, bila shida. Ujumbe ukafika mwisho, kioo cha simu kikawa cheusi. Pumzi haikukatika. Nilimtazama jirani yangu, naye hakushtuka. Aliichukua simu akailaza kifuani, akaipapasa.

"Mwache," aliniambia kwa sauti ya chini. "Akishalala atatulia."

Mezani palikuwa na sahani mbili. Moja ilikuwa imefunikwa.