Uzee Unaochagua Mahali

Kila Jumamosi asubuhi Sabuni aliosha gari la babu yake. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu hakuweza kuona vumbi akalivumilia. Sheria ya babu ilikuwa moja tu: boneti isifunguliwe bila yeye kuwapo.

Jumamosi moja, babu akinywa chai ndani, Sabuni aliifungua. Alisugua hadi kwenye mabomba ya chini. Kitambaa kikanasa waya, ukachomoka. Hakujua ulikotoka. Akaufutika pembeni, akafunga boneti kimyakimya.

Tangu hapo, kila babu alipoegesha gari, aliuzungusha usukani kwa mikono miwili kama anayekamua blanketi. Siku ya tatu aliweka funguo mezani, akatangaza kwamba mikono imekwisha nguvu. Gari alichukue mjomba. Babu alikuwa ameendesha miaka arobaini. Sabuni aliisukuma sahani yake pembeni.

Jioni fundi, mama mmoja mcheshi, alikuja kulikagua gari kabla halijaondoka. Alimuuliza babu usukani unakuwaje barabarani. Babu akajibu kwamba huko hauna shida. Taabu huanza wakati wa kuegesha.

“Mzee wangu,” fundi akasema, “uzee gani huo unaochagua mahali?”

Babu hakucheka. Sabuni alimtazama, machozi yakamlenga.

“Babu, si mikono yako. Nilifungua boneti, nikachomoa waya.”

Fundi aliinama, akaupata, akauchomeka. Akaeleza kwamba usukani ule husaidiwa na msukumo wa mafuta. Gari likienda polepole, msaada huwa mwingi, usukani ukawa mwepesi. Likikimbia, msaada hupunguzwa ili usukani ukaze na gari lisiyumbe. Waya ule ndio unaopeleka amri ya kuongeza au kupunguza msaada. Ulipochomoka, usukani ukabaki mzito hata gari likiwa linatambaa, kana kwamba liko mbioni.

Babu aliwasha gari, akauzungusha usukani kwa kiganja kimoja. Akarudia. Akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea, kisha akacheka mpaka fundi naye akacheka.

Aliposhuka, alimshika Sabuni bega.

“Kuvunja sheria ni kosa, mjukuu wangu, lakini waya tungeurudisha siku ileile. Ukimya wako ndio ulionizeesha kwa siku tatu. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako akidhani ni wake.”

Kisha akazirudisha funguo mfukoni mwake.