Alijua Kinachozima Lori, Akanyamaza

Wasomaji wenzangu, mimi ni mzee wa miaka sabini na minne, mkulima wa kahawa na migomba huku Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, na kila asubuhi bado namshukuru Mungu kwa pumzi. Lakini ipo sauti moja ambayo nikiisikia, moyo wangu husimama... Sauti ya injini inayokohoa na kuzima kwenye mlima!

Haya yalinipata enzi za Mwingereza, nilipokuwa kijana mwenye mke niliyempenda mno. Aliitwa Ruthu. Tulikuwa na mtoto mmoja, Samweli, na wa pili alikuwa njiani.

Nilikuwa pia na rafiki, Eliamani. Tulichukuliwa pamoja kwenda vitani, na huko jeshini ndiko tulikofundishwa udereva. Tulilala chini ya turubai moja. Nilipougua tumbo, yeye ndiye aliyenifulia nguo, kazi ambayo hata ndugu wa damu angeikimbia. Je, ningemtilia shaka mtu kama huyo?

Tuliporudi salama tuliunganisha nguvu, tukanunua lori kuukuu la mlowezi mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Siku za mnada tulipeleka ndizi Kisongo kwa wafugaji, tukarudi na mbuzi na ngozi. Lilikuwa lori la kupigwa hendeli, ule mkono wa chuma unaozungushwa mbele ili injini iwake, lakini lilikuwa na nguvu. Tulimshukuru Mungu kwa ajili yake mbele ya usharika mzima.

Siku moja kifuniko cha tangi la petroli kilidondoka barabarani. Tulirudi kukitafuta, hatukukiona, na mjini Arusha hatukupata kinacholingana nacho. Ruthu alitucheka. Alituuliza tunahangaika nini na migomba imejaa hapo uani? Akachukua jani kavu la mgomba, akalikunja na kulisokota, akalisukuma kwenye mdomo wa tangi, vile vile kama tunavyoziba vibuyu vyetu vya maziwa. Likakaa barabara!

Tangu hapo, kila asubuhi ya safari, Ruthu alisokota kizibo kipya. Sisi tulipiga hendeli, yeye alisokota jani. Tuliona ni jambo jema, la nyumbani.

Baada ya muda, lori likaanza kuugua...

Asubuhi lilikataa kuwaka. Tulipiga hendeli mpaka viganja vikachubuka. Likiwaka lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Kwenye tambarare lilijitahidi, lakini likiona mlima tu lilikohoa, likarukaruka, likazima. Ajabu ni kwamba ukiliacha likapumzika, liliwaka tena bila kuguswa! Likaenda kidogo, likazima tena.

Nilisafisha plagi. Nilikwangua platini. Nilifungua kabureta nikaipuliza. Safari moja lilikwenda vizuri, safari iliyofuata likarudia yale yale. Kwa kuwa liliwaka likishapoa, nilisema moyoni kwamba ni koili, inapata moto na kuchoka. Tukanunua koili nyingine. Hakuna mabadiliko!

Tulilipeleka mjini kwa fundi mmoja Singasinga. Alifungua mabomba yote akayapuliza, na lori likanguruma uani kwake kama jipya. Alipoona kile kizibo alicheka mpaka akashika tumbo.

"Hii gari au kibuyu?" alituuliza. "Iko petroli ndani au maziwa? Tafuta funiko, bwana! Gari yako mzima. Dereva ndiyo gonjwa!"

Tulicheka naye. Ole wetu! Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu sote, tukalifanya mzaha. Hata yeye fundi hakuliona.

Wiki iliyofuata lori likazima tena, na majirani wakaanza kutusema. Wengine walidai kwamba lilibeba maiti vitani, ndiyo maana halina raha. Mama mmoja jirani yetu kila akinikuta nahenya na hendeli alipaza sauti: "Baba Samweli, lipe uji kwanza! Hujui wazee hawaamki na njaa?" Nilicheka pamoja naye, lakini ndani nilikuwa naungua. Mchungaji alikuja kuliombea. Niliinama kwa imani yote niliyokuwa nayo...

Kwa nini niliungua hivyo? Kwa sababu mkunga wa misheni alikuwa amempima Ruthu akatuonya. Alisema mtoto amelala vibaya. Asijaribu kuzalia nyumbani! Uchungu ukianza tu, apelekwe hospitali ya mjini mara moja. Na kwa kumpeleka hatukuwa na kitu kingine ila lile lori.

Basi nikapatwa na homa kali siku ya mnada. Eliamani akaenda Kisongo peke yake. Jioni, nikiwa kitandani, nilisikia lori likipanda mlima wetu. Halikukohoa hata kidogo! Lilipanda likiimba. Nilijikongoja mpaka mlangoni nikamwuliza amelifanyaje.

"Sijalifanya kitu, ndugu yangu," alijibu. "Leo limeamua kunionea huruma tu."

Nililia kwa furaha. Nilimwambia Ruthu kwamba Bwana amesikia maombi yetu.

Kesho yake Eliamani alikuja kunijulia hali. Ruthu alimpa uji, kisha akakaa kwenye kigoda na kusokota kizibo kingine kwa ajili ya safari yangu nitakapopona. Nakumbuka Eliamani alimtazama mikono muda mrefu, kibuyu cha uji kikiwa mdomoni, wala hanywi. Nilidhani ana mawazo yake. Alimaliza uji, akashukuru, akaaga.

Haukupita muda, lori likarudia ugonjwa wake. Hapo Eliamani akaanza kunishawishi. Alisema lori hili limetushinda, litatufanya vichekesho. Kama nimechoka, nimwachie yeye sehemu yangu kwa bei ya chuma chakavu, ajaribu kuliuza vipande vipande. Nilimwambia sikatai, lakini asubiri Ruthu ajifungue kwanza.

"Ukimaliza kumpeleka Ruthu tutaongea," alisema. Maneno hayo aliyasema kwa mdomo wake mwenyewe!

Uchungu ulimshika Ruthu asubuhi moja ya masika. Eliamani alikuwa ameondoka kwa miguu kwenda kutazama mbuzi upande wa Kisongo. Mama yangu alimfunga Ruthu mablanketi, tukamlaza nyuma ya lori juu ya majani ya migomba. Nikapiga hendeli. Likakataa. Nikapiga tena, nikapiga tena... Hatimaye likawaka, likitetemeka mwili mzima, tukaondoka.

Mlima wa kwanza tu, likazima!

Niliruka chini nikafungua plagi zote nikazifuta kwa shati langu. Likawaka. Tukaenda mwendo mfupi, likazima. Nilikwangua platini, nikabadilisha waya, nikalisukuma na wapita njia. Likawaka, likakohoa, likazima. Mvua ilikuwa inanyesha. Ninyi mliowahi kusimama mbele ya chuma kisichosikia, mnajua nilivyokuwa. Ningeweza kulipiga. Ningeweza kulipigia magoti. Nililipigia magoti, ndiyo, matopeni, nikimwita Mungu!

Ruthu aliniita kutoka nyuma. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini bado alinionea huruma mimi!

"Baba Samweli, liache lipumzike kidogo. Na wewe pumzika. Tutafika tu."

Tulipumzika. Liliwaka. Lilizima. Mpaka mchana tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia... Mwishowe wanaume waliokuwa wakipalilia kahawa kando ya barabara wakakata miti, wakafunga machela kwa blanketi letu, tukambeba kwa zamu. Nilikuwa nimeshika mti wa mbele wa machela. Kabla ya kuvuka daraja la mto Themi kuingia mjini, mkono wake ulioshika shati langu ulilegea.

Hospitalini walimwokoa mtoto. Msichana, mwenye sauti kubwa. Ruthu hawakuweza. Daktari aliniambia taratibu kwamba tungefika asubuhi, wangekuwa wazima wote wawili. Nilibaki nimesimama nikiwa na matope mpaka kifuani, nikisikia mtoto analia chumba cha pili.

Tulimwita Neema.

Eliamani alikuja msibani. Alilia kuliko ndugu zetu wote. Alichimba kaburi kwa mikono yake, na watu walimsifu: huyo ndiye rafiki! Mimi sikutaka tena kuliona lile lori. Alipokuja kuniuliza habari za sehemu yangu, nilimwambia alichukue, alifanye atakavyo. Nilimwonea hata huruma kwa kubebeshwa mzigo ule.

Muda si mrefu, lori likaanza kupita mbele ya nyumba yangu likiimba. Lilipanda mlima likiwa limejaa ndizi, wala halikukohoa. Mama yangu alitikisa kichwa akasema kumbe hata chuma kina bahati na mtu wake. Nilikaa, Neema mapajani, nikajiuliza mimi nilimkosea Mungu nini?

Jumapili ya Mavuno, Eliamani alileta sadaka za watu kanisani kwa lori. Nilipokuwa nikisaidia kushusha ndizi, nilipita ubavuni mwake. Mdomo wa tangi ulikuwa na kifuniko! Kifuniko cha bati, kimekatwa vizuri, kimezungushiwa mpira wa tairi. Nikamwuliza tu, kama mtu anavyouliza habari za mvua: "Umepata kifuniko?"

Mkungu wa ndizi ukamponyoka mikononi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba lipo neno.

"Eliamani, lori lilikuwa na nini?"

Hakuniangalia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ni vile vizibo. Jani kavu lilikuwa likimeguka kila likisukumwa na kuchomolewa. Vipande vilidondoka ndani ya tangi, vikavutwa na petroli mpaka mdomo wa bomba, vikauziba. Injini ikizima, vinaachia na kurudi chini, ndiyo maana likipumzika liliwaka. Ukipuliza bomba unavisukuma tu, havitoki. Alikuwa amemwaga petroli yote, akaosha tangi, akakuta majani kama makapi ya chai.

Nikamwuliza: "Ulijua lini?"

Kengele ya kanisa ilikuwa inalia. Alisubiri inyamaze.

"Siku ile ya Kisongo, ulipokuwa na homa," alisema. "Nililitaka liwe langu peke yangu, ndugu yangu. Nilisema nitakuambia baadaye. Sikujua... Naapa mbele za Mungu, sikujua kwamba siku ya Ruthu itatangulia!"

Siku ya Kisongo! Basi asubuhi ile ya uji, alipomtazama Ruthu akisokota kizibo, alikuwa anajua. Alinywa uji wa Ruthu. Alimwacha asokote kwa mikono yake mwenyewe kitu kitakachomzuia kufika hospitali! Neno moja tu lingetosha. "Mama Samweli, acha, hilo jani ndilo linalotuua." Je, neno hilo lilikuwa zito kiasi gani?

Sikumpiga. Sikupiga kelele. Niliingia kanisani nikakaa, watu wakaimba. Walipoitwa kwenye Meza ya Bwana, nilibaki kwenye benchi. Ningepigaje magoti ubavuni mwake? Nilibaki hivyo miaka. Kila Jumapili yeye naye alibaki kwenye benchi lake, upande ule mwingine, na usharika wote ulikuwa ukituangalia bila kuelewa.

Mungu ni mvumilivu kuliko sisi. Siku moja Neema, akiwa bado mdogo, aliniuliza kwa nini mimi na yule mzee hatuendi mezani. Jumapili iliyofuata nilivuka nikampa Eliamani mkono, tukaenda pamoja, na yeye alilia njia nzima. Nimemsamehe. Nasema kweli. Lakini wasomaji, msamaha haumrudishi mtu! Eliamani aliliuza lile lori, akarudi kwenye shamba lake, na mpaka anakufa sikumsikia akicheka tena.

Nawasihi, hasa ninyi vijana mlio na shughuli za pamoja: ukijua kinachomwumiza mwenzako, mwambie leo. Usingoje upate faida yako kwanza. Usiseme utamwambia baadaye, maana hujui asubuhi ya kesho nani atalazwa nyuma ya lile lori.

Neema sasa ni mama wa watu wazima. Anakuja kunikamulia ng'ombe, na akimaliza hukunja jani kavu la mgomba, akalisokota, tayari kuziba kibuyu. Mikono ni ile ile ya mama yake. Sijawahi kumweleza kwa nini kila mara namwomba anipe mimi nizibe... Leo, akisoma hapa, atajua.