Mtu wa Kusikiliza Gari

"Hilo gari lako, jirani, huwa unalisikiliza na nani?"

Mshonaji aliulizwa swali hilo asubuhi moja, akitoka ibadani. Alikuwa amesimamisha gari mbele ya nyumba, redio bado inaimba. Aliyeuliza ni jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi wa mabasi aliyestaafu. Mtaa mzima unamwita Mzee Nati.

"Na nani tena?" alijibu. "Na Mungu wangu."

"Basi Mungu amelisikia. Na mimi nimelisikia tangu tuta la kona. Wewe na hiyo redio yako, sijui."

Mshonaji alicheka kidogo, akaingia ndani. Swali likaingia naye.

Gari lilikuwa la marehemu mumewe. Kubwa, la viti saba, la siku zile familia ilipojaa. Sasa viti sita vilikaa bure. Kila penye tuta kitu kiligonga chini: ko! ko! Likienda polepole, mipira ya chini ililia kama mlango wa zamani. Mshonaji alifanya alivyoweza. Mipira aliimwagia mafuta ya injini. Kugonga alikufunika kwa redio. Na kwa kweli kelele ile ilimpa mwenzake wa kumnung'unikia njiani. "Haya, nimekusikia," aliliambia gari.

Miezi minne nyuma, binti yake alipanda na mtoto. Penye shimo gari liligonga kwa kishindo, usukani ukavuta upande. Binti alishuka hapohapo, mtoto kifuani.

"Mama, mwanangu hapandi tena humu. Tutakuwa tunakuja sisi."

Hawakuja. Mshonaji alipika kwa sufuria ndogo, akala, akaosha sahani moja.

Alasiri ile alibisha hodi kwa jirani. "Mzee Nati, njoo unisaidie kusikiliza."

"Mnakwenda wapi?" mke wa Mzee Nati aliuliza.

"Kusikiliza gari."

"Gari! Mimi naongea miaka arobaini hunisikilizi, leo unakwenda kusikiliza gari?" Akavaa viatu. "Nami naja."

Mzee Nati alifungua mlango wa nyuma wa gari. "Kwanza tutoe kila kitu. Kitu kilicholegea humu kitatudanganya."

Ilitoka jeki iliyokuwa ikibingirika. Zikatoka chupa tupu. Mwisho vikatoka viatu vya marehemu, vimekauka tope la miaka miwili. Mshonaji alivishika asijue pa kuviweka. Mke wa Mzee Nati alivipokea polepole, akavifuta vumbi, akavipeleka barazani.

Wakaondoka, mshonaji akiendesha. Redio ilizimwa, vioo vikashushwa. Mzee Nati alikaa nyuma na mkewe, sikio dirishani.

"Pita tuta. Polepole. Sasa kanyaga breki. Kata kushoto."

Kelele za nyuma zilikuwa zimekwisha. Ilikuwa jeki tu. Mbele, upande wa kushoto, bado iligonga: ko!

"Cherehani yako ikigonga, unanunua nyingine?" Mzee Nati aliuliza.

"La. Natafuta skrubu iliyolegea."

"Na gari ni hivyohivyo. Usibadilishe kitu kwa kukisia. Inagonga lini? Kwenye tuta, kwenye breki, au kwenye kona? Upande gani? Andika, umpelekee fundi. Dereva ana kazi ya barabara, ndiyo maana nakwambia uwe na mwenzio wa kusikiliza."

Mshonaji alipunguza mwendo. Alitazama kioo cha ndani, akaona watu kwenye viti vya nyuma. Alikuwa amesahau kioo hicho kinavyoonekana kikiwa na watu.

Kesho yake walikuwa gereji. Fundi aliinua gari kwa jeki, kisha akaliweka juu ya vigoda vya chuma.

"Jeki ni ya kuinulia," alisema. "Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ikiteleza, hutasikia kitu."

Alilishika gurudumu la kushoto juu na chini, akalitikisa. Mzee Nati alimulika tochi. "Ona pale panacheza. Hiyo ni bojointi, kiungo kama cha bega. Inashika gurudumu. Ikichomoka, gurudumu linalala chini na wewe uko barabarani."

Mshonaji alijishika kifua. Alimfikiria mtoto.

Fundi alipangusa mipira iliyovimba. "Na hizi bushi, nani kazimwagia mafuta?"

Mshonaji aliangalia juu, kana kwamba anatafuta mvua.

"Mafuta ya injini yanakula mpira, mama. Ukilia, uje tuuangalie. Usiulishe."

Bojointi na bushi zilizochoka zikabadilishwa. Kisha magurudumu yakapimwa yaelekee sawa, usukani usivute.

Mzee Nati alibaki gereji akipiga soga, mshonaji akarudi peke yake. Tuta la kona lilipita bila neno. Alisikia pumzi yake, na kitambaa cha viti vitupu kikisuguana. "Haya," alisema. Hakuna kilichojibu. Akashukuru Mungu, lakini njia ilikuwa ndefu.

Siku ya tatu binti alikuja, mtoto mgongoni, akaketi bila kuvua mkoba.

"Nimesikia umetengeneza gari. Hata mafundi uliowapelekea mwanzo walisema limepona."

Mshonaji hakubishana. Aliweka mezani bojointi iliyotolewa. "Itikise."

Binti aliitikisa kwa kidole kimoja. Chuma kilicheza ndani ya kikombe chake: ko, ko. Akanyanyua uso.

"Hii ndiyo iliyokuwa imeshika gurudumu?"

"Ndiyo. Ulifanya vizuri kushuka, mwanangu. Wewe ulisikia. Mimi niliongeza redio."

Binti aliitikisa tena. Akatazama meza, na sahani moja iliyokuwa ikikauka kando ya beseni.

"Uliendesha hivyo peke yako, Mama? Miezi yote hii?"

"Nilikuwa na nani mwingine?"

Binti aliweka chuma chini. Akafunga vizuri nguo ya mtoto, akachukua ufunguo wa gari ukutani, akatoka hadi mlangoni. "Twende, Mama. Wewe endesha, mimi nasikiliza."