Frigo ya Kulthumu Iliacha Kupoza

Kila asubuhi Kulthumu alifungua frigo na kutoa chupa ndogo ya dawa. Mume wake, Lukmani, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kulthumu alimchoma sindano ya dawa hiyo kila siku; bila hiyo hangeishi. Dawa ilitoka Usumbura kwa meli, na meli haikupita mara kwa mara Baraka, mji wao kando ya ziwa.

Asubuhi moja chupa ilikuwa vuguvugu. Barafu yote ilikuwa imeyeyuka.

Frigo yao ilitumia mafuta ya taa. Kulthumu alipandisha utambi ili moto uwe mkubwa. Akagusa ndani: joto. Akaupandisha tena. Moshi ulijaa nyumba, baridi haikuja.

“Wacha, Kulthumu,” Lukmani alisema kitandani. “Dawa imekufa. Na mi naisha. Usinichome sindano tena.”

Kulthumu aliketi chini, akalia.

Jirani yao Immaculée alimsikia, akaingia. Zamani alifanya kazi kwa masista, na huko alitunza frigo kama hii.

“Dawa iko wapi?”

“Iko ndani ya frigo.”

“Toa. Joto la siku moja haliiui. Weka chupa ndani ya chungu, funika chungu na nguo yenye maji, kiweke kwenye kivuli.”

Kisha akainama kutazama moto. “Ni we ulipandisha?”

“Ndiyo. Nilifikiri moto mukubwa utaleta baridi.”

“Hapana, dada. Moto wa manjano unaleta masizi. Masizi yanaziba bomba la moshi, frigo inashindwa. Moto uwe mudogo, wa buluu.”

Walizima moto, wakangoja bomba lipoe. Immaculée alipitisha brashi ndani. Masizi yakaanguka kama unga mweusi. Akakata ncha ya utambi ikawa sawa. Akaweka sahani ya maji juu ya frigo, aone kama imesimama sawa. Maji yaliegemea upande mmoja, basi wakatia kibao chini ya mguu mmoja. Wakaisogeza mbali na ukuta, hewa ipite nyuma. Mwishowe wakawasha moto mdogo.

“Sasa itapona?”

“Sijui. Inapoza polepole. Tungoje mpaka kesho. Usifungue-fungue mulango.”

Siku nzima Kulthumu hakuweza kula. Lukmani alilala akitazama ukuta. Ziwani hapakuwa na meli.

Kesho yake Kulthumu aliogopa kugusa mlango wa frigo.

“Fungua, dada,” Immaculée alisema.

Akafungua, akatia mkono. Baridi! Akarudisha chupa ndani, mbali na barafu, kwa kuwa dawa hiyo haifai kuganda. Akabandua kipande chembamba cha barafu, akakiweka mkononi mwa mume wake.

Lukmani alikishika mpaka maji yakapita kati ya vidole. Akakunja mkono wa shati, akamnyooshea Kulthumu mkono.